Mwalimu Ngathingkhui na Kofia ya Wungshim

Mwalimu Ngathingkhui alizaliwa tarehe 9 Machi 1950 kijijini Langkhor, wilaya ya Ukhrul, Manipur. Alisoma shule ya misheni hapa hapa, akahitimu ualimu Imphal mwaka 1973.

Tarehe 12 Januari 1976 alifunga ndoa na mama yetu, Mayophy. Walijaliwa kaka yangu Yaronsho na mimi Ringyuichon, ninayewasomea wasifu huu.

Mwaka 1985 alirudi kutoka mafunzoni Imphal na glavu mbili, gongo moja na mchezo wa besiboli, tukaucheza kwenye mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Wazee walimcheka. "Mwalimu, mtu anapiga mpira halafu anakimbia? Kamkosea nani?" Miaka minne baadaye wazee hao hao waligombea viti vya mbele.

Novemba 1994 maporomoko ya udongo yalimuua Wungshim, mchezaji wa mkono wa kushoto aliyelinda kituo cha kwanza katika timu ya baba. Enzi za mababu, aliyekufa aliwekewa mtu wa kukaa mahali pake na kuitwa kwa jina lake, mpaka karamu ya kumuaga baada ya mavuno. Kanisa lilikuwa limeshaiacha desturi hiyo. Baba aliifufua. Alimvika Yaronsho, wakati huo ana miaka kumi na saba, kofia ya Wungshim. Wiki ya pili Yaronsho, aliyekula na kuandika kwa mkono wa kulia tangu utoto, alirusha mpira kwa kushoto. Hatukufungwa tena msimu ule.

Karamu ilipofika mama alimwambia, "Baba Yaronsho, mvue mtoto hiyo kofia. Imetosha."

"Tungoje fainali za Imphal."

"Na baada ya fainali?"

Tulishinda fainali hizo, na za mwaka uliofuata. Kaka hakuitika tena jina lake. Jioni alikwenda kula kwa mama wa Wungshim, na yule mama alimpakulia bila kushangaa. Nilimkasirikia baba miaka thelathini. Ninalisema hili mbele ya jeneza lake kwa sababu mwenyewe alijua.

Aliugua figo tangu Agosti 2024. Asubuhi ya tarehe 3 Februari 2025 alimwita kaka kitandani, akamvua kofia kwa mikono yake mwenyewe.

"Wungshim, nenda sasa. Umetushindia vya kutosha. Nirudishie mwanangu."

Alifariki saa nne.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na timu yake. Leo Yaronsho ametia saini kitabu cha maombolezo kwa mkono wa kulia, jina lake mwenyewe. Mwandiko ni wa kijana wa miaka kumi na saba.

Wachezaji, nawaomba. Kofia ya baba mwenyewe imo ndani ya jeneza na haitoki. Asiwekewe mtu.

Apumzike kwa amani, na apumzike huko huko.