Njia Inayopita Jikoni kwa Mama

AFISA: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Dada yako. Au ulifuta namba yangu ulipopata ofisi ya utalii?

AFISA: Shikamoo, dada. Niko kikaoni na mkuu, nitaku—

DADA: Marahaba. Nisikilize, salio dogo. Watalii wako wamejaa jikoni kwa mama.

AFISA: Wamefuata nini?

DADA: Ramani yako. Njia ya kutembelea ziwa inashuka kilimani, inaingia mlango wa mbele, inatokea wa nyuma, mpaka ufukweni.

AFISA: Dada, mtandao unakata—

DADA: Mtandao mzima. Hiyo njia uliipita lini?

AFISA: Niliichora hapahapa mezani. Si ndiyo tuliyopita tukienda kuogelea?

DADA: Tulipita kwa sababu ni kwetu, jamani.

AFISA: Lakini wageni wanafurahi?

DADA: Mno. Mama anamenya viazi, mmoja kamwomba asogee, eti anaziba ziwa.

AFISA: Basi avumilie mpaka uzinduzi wa njia—

DADA: Mkuu wako alikuja asubuhi. Kapiga alama nyekundu ukutani. Nyumba imeziba njia, ibomolewe.

AFISA: Nyumba yetu?

DADA: Nikamwambia ramani imekosewa. Akasema haiwezekani, imechorwa na mtaalamu.

AFISA: Alisema mtaalamu?

DADA: Usinichekee. Mwambie ulikosea.

AFISA: Dada, ndiyo kwanza nimepandishwa cheo. Mama si anaweza kuja kukaa kwangu—

DADA: Mwambie mwenyewe, nimeweka spika.

MAMA: Baba, hujambo? Usigombane na dada yako. Kama ni kazi yako, nitahama. Nimeshaanza kufunga vyombo.

AFISA: Mama—

MAMA: Ila hawa wageni wakifika huku nyuma wanakaa juu ya kaburi la baba yako, wanakung'uta mchanga kwenye viatu. Sitaki kuwafokea, ni wageni wako. Niwaambie wakae wapi?

AFISA: [kiti kinasukumwa nyuma]

DADA: Haloo? Upo?

AFISA: [sauti ikiwa mbali na simu] Mkuu, samahani nakukatiza. Ile ramani nilikosea mimi. Ile ni nyumba ya mama yangu.

MKUU: [kwa mbali] Ulikosea vipi na ramani zimeshachapishwa? Kaa chini.

DADA: Mdogo wangu? Umekaa?

AFISA: Bado nimesimama, dada. Mwambie mama asifunge vy—

DADA: Haloo? Haloo?