Theodosia Niragira na Koti Lililokaa Kitini

Kwanza niwagombeze, wanangu, shukrani zitafuata. Mmepotea. Tangu mwaka jana mnapita mbele ya jengo letu la michezo ya kuigiza hapa Ntobeye kama vile ndani tumefunga mbwa mkali. Mnatupa "shikamoo bibi" kutoka barabarani, halafu miguu inaongeza mwendo. Marahaba nimeitikia, lakini nimechoka kuitikia migongo.

Sasa sikilizeni. Tarehe 30 Juni 1980 Bi Theodosia Niragira anastaafu, baada ya miaka kumi na miwili katika Kikundi cha Michezo cha Ntobeye: sita akiwa mwigizaji tu, sita akiwa mtayarishaji pia. Jumamosi ya tarehe 28, saa tisa alasiri, atacheza mara ya mwisho. Maneno haya ni yangu mimi, Clotilda, mshonaji wa mavazi ya kikundi. Mkono ni wa Esperansia, maana mimi shule niliiona kwa nje.

Mwalimu Ildefonce, mtayarishaji wetu wa wakati huo, ndiye aliyemleta, mwaka 1968. Alimkuta sokoni akimwiga muuza chumvi, na muuza chumvi mwenyewe anacheka hadi amesahau kufunga gunia. Akampa nafasi ya Mama Kesho, mke mvivu anayeahirisha kila kazi ya kijiji. Mumewe, Bwana Mapema, alichezwa na Alfonce, mwanangu wa tatu. Alikuwa mwembamba kama fito, nami nikamshonea koti la kijivu lenye mabega ya watu wawili. Kila mwezi, siku ya gulio, mlikuta nyumba ile ile, mke yule yule, mume yule yule, ugomvi mpya. Nasikia Zanzibar wana sanduku la kioo la kuonyeshea mambo kama hayo. Sisi tulikuwa na turubai na jua la alasiri, na mlisukumana mpate benchi.

Mwaka 1971 tulikwenda kucheza Nyarubungo, kwa ndugu zetu Wasukuma. Mama Kesho alikataa shamba la ujamaa kwa ufundi mkubwa: mara mgongo, mara jino, mara kuku wake ana huzuni. Asubuhi yake balozi wa nyumba kumi, Mzee Shibuda, akagonga mlango tulipolala, jembe mkononi.

"Wewe mama, jana umekataa kulima mbele ya kijiji kizima. Kwenye nyumba zangu kumi hakuna mgeni wa namna hiyo."

Sisi tulishika mbavu. Theodosia hakucheka wala hakujieleza. Akapiga goti, "Shikamoo balozi," akalichukua jembe akaenda. Alilima mpaka jua la utosi. Wanawake wa mstari wake wakamwambia, "Kumbe unaweza. Jana ulikuwa na nini?" Kisha wakamsahau, wakaendelea kumsema katibu wao Kazimili, anayehesabu majembe akiwa kivulini. Theodosia aliyameza yote. Mwezi uliofuata tulirudi na mhusika mpya, mwenyekiti wa kivuli, na Nyarubungo nzima ililia kwa kucheka isipokuwa mtu mmoja.

Kazimili alikuja juu. Theodosia akamwambia, "Katibu, njoo ulime nasi wiki moja, nitakutoa mchezoni." Akaja. Akatolewa. Mpaka leo anasimulia kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Basi alipokabidhiwa utayarishaji mwaka 1974, mwalimu alipohamishwa, sheria yake ikawa hiyo: jembe kwanza, mchezo baadaye. Kila kijiji tulichofika tulilima na wenyeji asubuhi ndipo tucheze. Aliyeomba kujiunga hakuulizwa kama anajua kuigiza. Alipewa mstari shambani, na jioni akaulizwa amesikia nini. Asiyesikia kitu alirudi kwao na malengelenge yake. Esperansia huyu anayeandika alirudishwa mara mbili. Sasa ndiye Mama Kesho ajaye, na ni hodari. Andika hivyo hivyo, usione haya.

Vita vilipokuja mwaka 1978, lori letu lilikwenda kubeba askari, na Alfonce akaenda na mgambo. Alimwachia Theodosia koti na kofia. "Mama Kesho asiolewe na mwingine," akasema, "nitamkuta." Watu walimshauri Theodosia atafute mume mpya wa jukwaani. Akakataa. Aliliweka koti kitini, kofia juu yake, akagombana nalo saa nzima. "Leo umeninunia? Haya, na uji wako nakunywa mimi."

Tulitembea kwa miguu, turubai kichwani. Tulipocheza Nyakanazi, waliokimbia vita kule ng'ambo ya mto walikuwa wamekaa juu ya mafurushi yao. Mzee mmoja akaita, "Mama, mumeo anateseka wapi? Mwenzangu huyo ana kiti." Walicheka wale watu. Theodosia alisimamisha mchezo, akalitoa koti kitini, akamkaribisha mzee akae. Koti akalivaa mwenyewe, akaendelea kujigombeza.

Aprili ya mwaka jana tuliletewa habari kwamba Alfonce hatarudi. Mlikuja msibani, mkalala nasi, mkateka maji, mkapika. Sijasahau hata sufuria moja. Matanga yakaanuliwa, na michezo ikaanza tena. Hapo ndipo mlipopotea. Mlifika mlangoni, mkaliona koti kitini, mkavua kofia zenu, mkarudi kimyakimya. Theodosia alitaka kukiondoa kiti. Mimi ndiye niliyemzuia.

Miezi kumi na minne amecheza mbele ya mabenchi na watoto wachache. Amesema Jumamosi hiyo ikiwa tupu atanikabidhi funguo na koti, na mchezo utaishia hapo. Silitaki hilo koti sandukuni mwangu. Nililishona lichekwe.

Mwanamke huyu amewachekesha njaa ikiwepo, mkihamishiwa vijijini, na vita vikiwa mlangoni. Asante, Theodosia mwanangu, kwa kutomwoza Mama Kesho mume mwingine. Nenda kwenye migomba yako, Mungu akupe mikungu mizito, magoti yasiyouma, na majirani wenye maneno mengi.

Nanyi, Jumamosi njooni mapema, mjaze mabenchi ya mbele. Mkifika karibu na kiti, msivue kofia wala msiinamishe vichwa. Msalimieni Bwana Mapema kama zamani, kaeni, na Mama Kesho akimtukana, chekeni. Nitakuwa nimekaa pembeni ya lile koti. Mkisita, niangalieni mimi, maana nitaanza.