Kijiwe cha Tabaka kwenye Mashine ya Damaris

Mlio hapo nyuma ya hema, nyamazeni, nawaona mnavyogusana viwiko, mnaulizana tangu lini mke mkubwa akasoma historia ya mke mdogo, na tangu lini mwanamke wa darasa la saba akapewa kipaza sauti, na kabla sijafungua mdomo mmeshaamua kwamba nitakayosema ni uongo. Bisheni mkishasikia. Karatasi hizi nimezipiga taipu mimi mwenyewe, Esnah Bitutu, kwa vidole hivi kumi, na ile karatasi moja ambayo kamati ya mazishi ilinipa nisome, isiyo na neno hata moja juu ya nyumba, nimemrudishia mwenyekiti wetu Mzee Manasseh akafungie sukari.

Marehemu Damaris Nyanchera alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958 huko Tabaka, mtoto wa tatu wa mchongaji wa mawe ya sabuni, akakua akisugua vinyago vya viboko na mabakuli kwa msasa na maji mpaka ving'ae, wachuuzi waje wavibebe kwa magunia, ndiyo maana ncha za vidole vyake zilikuwa na akili kuliko vichwa vingine vilivyoketi hapa leo. Alisoma shule ya msingi kwao Tabaka kuanzia 1965 hadi 1971, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975, na Januari 1977 akajiunga na darasa la kupiga taipu mjini Kisii, orofani juu ya duka la nguo, ambako mwalimu alikuwa anafunika mikono ya wanafunzi kwa aproni ili wasiangalie herufi, na anayeinua aproni kuchungulia anapigwa rula kwenye vifundo. Mwezi wa kwanza alipigwa sana, alinieleza mwenyewe, wa pili akaacha kuchungulia, na Novemba 1978 akapita mtihani kwa maneno hamsini kwa dakika.

Alifanya kazi kwa wakili mmoja mjini Kisii kuanzia 1979 hadi 1990, kisha katika ofisi moja ya serikali mjini Nyamira hadi 1999, kompyuta zilipoletwa na wapiga taipu wakaambiwa waende nyumbani, na siku ya kuondoka akainunua ile mashine yake ya kijivu, nzito kama mtoto wa shule, akaileta hapa. Januari 2000 alifungua darasa katika chumba cha mbele cha nyumba hii mnayoiona nyuma yangu, na wasichana wengi wa hapa Keumbu wanaoketi ofisini leo walianzia mle ndani, chini ya aproni.

Aliolewa tarehe 8 Desemba 1984 na Thadeus Onchiri, karani wa kituo cha kununulia majani chai, aliyekuwa mume wangu tangu 1971, na msitarajie niseme nilimpokea vizuri, kwa sababu sikumpokea, tulikaa miaka tisa kwenye boma moja bila salamu. Walijaliwa mtoto mmoja, Linda, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1987, baadaye mimba mbili zikatoka, mtoto wa kiume hakupatikana, na maneno mabaya yalisemwa juu ya jambo hilo katika boma hili, mengine niliyasema mimi. Thadeus alitutoka mwaka 2004, akatuacha wajane wawili na mpaka wa miti katikati.

Ni miti hiyo iliyonipeleka kwa taipu. Mwaka 2013, nikiwa na miaka sitini na mmoja, niliamua kumwandikia chifu barua ya kumshtaki Damaris kwamba miti yake inatia chai yangu kivuli, na kwa kuwa sikutaka mtu mwingine ajue siri yangu, niliingia darasani mwake nikasema nataka kujifunza. Hakuuliza kwa nini. Alinifunga aproni juu ya mikono mbele ya wasichana ambao ningeweza kuwazaa mara mbili, akaniambia, "Bitutu, angalia ukutani, herufi hazitahama." Nilihangaika miezi mitano. Nilipomaliza barua yangu nikidhani nimeificha, aliichomoa kwenye mashine, akaisogeza karibu na pua kwa sababu sukari ilikuwa imeanza kula macho yake, akaisoma yote jinsi nilivyomtukana, akasema, "Makosa manne, piga tena." Nikapiga tena. Kwa chifu sikuipeleka, na miti aliikata mwenyewe.

Ugonjwa wa sukari alikuwa nao tangu 2010, na mwaka 2017 macho yakazima kabisa. Linda, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye ndoa yake mwaka mmoja kabla, ndiye aliyempikia, akamwosha na kumpeleka kliniki kwa miaka minane, na ninyi nyote mnajua hakuna mwingine. Damaris hakuacha kazi. Alituma Tabaka aletewe vipande viwili vya jiwe la sabuni, vidogo kama punje ya mtama, akavibandika kwa gundi ya fundi viatu, kimoja juu ya herufi F na kimoja juu ya J, maana hapo ndipo vidole viwili vya shahada hukaa kabla havijaanza kazi, kila kimoja kikipata mahali pake, hivyo vingine vinane hupanga foleni vyenyewe. Alipiga barua za watu hivyo, gizani mwake, safi kuliko za wenye macho, na kosa lake lilikuwa moja tu, kiburi, hakukubali mtu asome alichokipiga kabla ya kukikunja.

Jumatatu tarehe 3 Novemba 2025 asubuhi alianza kupiga barua ya kutuachia. Mimi nilikuwa nje namenya ndizi, nikasikia mashine ikienda mistari kumi bila kukwama, nikasikia Linda akimpelekea uji, mashine ikanyamaza, kisha ikapiga mstari mmoja mfupi, basi. Alikunja karatasi, akaweka kidole gumba kwenye wino akakigandamiza juu yake, akampa Linda aifungie kwenye Biblia. Kesho yake alizidiwa, akapelekwa hospitali mjini Kisii, na tarehe 18 Novemba, saa kumi na moja alfajiri, akafariki akiwa na miaka sitini na saba.

Sasa hapa ndipo kamati ilipotaka nikate. Jumapili tarehe 23 barua hiyo ilifunguliwa mbele ya ukoo, mistari kumi ikasomwa, amesema azikwe upande gani, amesema mashine zisigawanywe, na mstari wa kumi unasema, kuhusu nyumba uamuzi wangu ni huu. Mstari wa kumi na moja ukawa kama matapishi, umeandikwa mui, mkato, ba, kisha joo, kisha alae, kisha nukta mkato, omda. Watu walicheka. Mwanangu wa kwanza, Nyakundi, huyo aliyevaa koti la kijivu, alisimama akainua karatasi juu, akasema, "Mama, huu ndio mstari wa kipofu. Hiyo mingine kumi imepigwa na mtu mwenye macho." Na wote wakamwangalia Linda. Ikaamuliwa kwamba barua ni ya kubuni, kwamba mke asiye na mtoto wa kiume hana wa kumwachia nyumba, na kwamba itakwenda kwa nyumba kubwa, yaani kwa Nyakundi, kaburi likishafunikwa.

Jumanne nilifagia chumba cha mbele ili jeneza lipate pa kulala, na chini ya meza ya mashine, kwenye ufa wa saruji, nikaokota hiki. Mzee Manasseh, nyoosha mkono, kiweke kiganjani, wape wengine wakione. Ni kijiwe cha J. Cha F bado kimeshika, cha J kimebanduka, gundi yake mpaka sasa iko kwenye herufi, nendeni mkaiguse. Aliposhika kikombe cha uji mkono wa kulia ulitoka kwenye mashine, uliporudi ukatafuta jiwe lake haukulipata, naye hakuwa mtu wa kumwambia binti yake niwekee kidole, akakaa alipodhani, hatua moja kulia. Nilijifunga leso machoni nikafanya vilevile, nikapata takataka zilezile. Chukueni mstari ule, herufi za mkono wa kushoto ziacheni, ziko sawa zote, kila ya mkono wa kulia irudisheni hatua moja kushoto kwenye mashine, M iwe N, U iwe Y. Mtasoma, nyumba hii akae Linda.

Mwenye macho angeona neno la kwanza limeharibika, angesimama. Ni aliyejifunza chini ya aproni tu anayeweza kukosea mpaka mwisho bila kusita.

Nyakundi, nilikuzaa mwaka 1973, nakujua, usiangalie viatu. Mnaosema nimedanganya, niambieni namdanganyia nani, nikinyamaza nyumba ni ya mwanangu, nikisema anaikosa na pengine ananikosa na mimi. Na hilo kufuli jipya ulilolitia mfuko wa ndani wa koti, nililiona asubuhi ulipoinama kubeba jeneza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kumenya ndizi siku tisa, wanafunzi wake waliotoka Nyamira na Keroka, na wenzake wa ofisi ya zamani ambao bado wanakaa wamenyoosha mgongo kama alivyowafundisha.

Damaris, tulia sasa, vidole vyako vimefanya kazi yao, na kosa la mwisho nimekusahihishia mimi, moja tu, si manne.

Pasta ataendelea. Mimi mke mwenzangu nilishamuaga alfajiri, sihitaji kumwona akishushwa. Naweka kipaza sauti hiki chini na kuingia katika nyumba hii, nikae mbele ya mashine. Linda atabaki amtupie mama yake udongo, kisha atakuja kubisha hodi, nami nitamfungulia. Mwingine asijisumbue. Nyakundi, hilo kufuli kafungie banda la kuku, kwa sababu huu mlango naufunga mimi, kwa ndani.