Kiguu na Njia, Mwenye Jumasita

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kiguu na Njia, alizaliwa alfajiri ya Jumamosi, tarehe 9 Machi 1985, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi cherehani na mkewe muuguzi. Mimi ninayesoma ni dada yake, tumepishana miaka minne. Mama anasema alitoka wiki tatu kabla ya siku zake kwa sababu alichoka kusubiri. Jina hilo alipewa na baba kabla hajatimiza miaka miwili, maana ulikuwa ukimweka chini, ukigeuka tu humwoni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1992 hadi 1998, na sekondari kuanzia 1999 hadi 2002. Ripoti zake karibu zote zina neno moja, "hatulii", na alama zake zilikuwa nzuri, jambo lililowaudhi walimu zaidi. Mwaka 2004 aliingia chuo cha ufundi kujifunza utengenezaji wa miwani, akahitimu Novemba 2006.

Januari 2007 aliajiriwa katika karakana ya miwani iliyo juu ya duka la viatu, akafanya kazi hapo mpaka mwili ulipokataa. Kazi yake ilikuwa kusaga lenzi na kuzipachika kwenye fremu. Alipomaliza lenzi aliinua mkono, akaitazama fremu ya mlango kupitia kioo kile, na mstari ukipinda mahali usipotakiwa kupinda, lenzi ilirudi mashineni. Wenzake wa karakana wako hapa, na wanajua kwamba aliwarudishia na za kwao pia bila kuombwa.

Tarehe 14 Desemba 2013 aliolewa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa za karakana, kazi ya siku moja iliyomchukua siku nne. Walijaliwa binti Februari 2016 na mtoto wa kiume Agosti 2019.

Hapa niseme ukweli, kwa kuwa wapo waliokuja na maneno yao tayari. Mwisho wa mwaka 2021 marehemu alimwomba msimamizi wake afanye kazi siku nne badala ya tano, saa zikiwa zile zile arobaini. Alikubaliwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Kuanzia Jumatatu ya tarehe 10 Januari 2022 alikuwa akiingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, na saa moja ya mapumziko mchana, kila siku isipokuwa Alhamisi na mwisho wa wiki. Mimi nilipinga. Nilimwambia siku nne hizo watoto watamsahau sura, na kwamba mshika mbili moja humponyoka. Alikuwa anafunga viatu vya mtoto kwa mkono mmoja, mkono mwingine una chai.

"Mimi sijashika mbili, dada," alisema. "Nimeshika tano."

Nilinuna, lakini watoto niliwachukua shuleni mimi, siku zote nne, kwa sababu nakaa mlango wa tatu kutoka kwao.

Haikuwa rahisi. Ili kuokoa dakika kumi za asubuhi alianza kumlaza mwanawe akiwa amevaa nguo za shule ya chekechea, mpaka mwalimu akauliza kwa nini mtoto huyu anakuja amekunjamana kama barua iliyokaa mfukoni. Karakanani nako, ikifika saa ya tisa ya kazi, lenzi zilianza kumharibikia, akapanga upya siku nzima ili kazi nzito imalizike kabla ya mchana. Alhamisi ya kwanza alifua mapazia, akasugua masufuria, akapanga kabati, na watoto waliporudi walimkuta amelala kwenye kiti na kitambaa cha vumbi mkononi. Binti yake alimwambia kwamba hata dada muuzaji wa dukani huwa anaongea nao zaidi ya hapo. Maneno hayo yalimwingia. Tangu siku hiyo Alhamisi sakafu yake haikupigwa deki, nami nilisema sana kuhusu sakafu ile.

Kila Alhamisi walikuwa wakikaa watatu, yeye na watoto wake, kwenye korido na lenzi zilizokataliwa kazini, wakiangalia kwazo sisimizi, vidole vyao na kunyanzi za shemeji yangu akipita. Kwa saa mbili au tatu, Kiguu na Njia alitulia. Sijui mtu mwingine aliyewahi kumwona hivyo.

Binti ndiye aliyeipa siku hiyo jina. Kwa hesabu yake, baada ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano inakuja Jumasita. Alilishikilia hilo darasani mpaka mwalimu wake akamwandikia marehemu amsahihishe mtoto. Marehemu aliandika chini ya barua ile ile: "Mwalimu, hesabu yake ni sahihi." Nyumba nzima ikaanza kusema Jumasita, hata mimi, hata msimamizi wa karakana alipokuwa akipanga zamu.

Mwezi Mei mwaka huu marehemu alianza kuumwa chini ya mbavu na kukonda. Kliniki aliyoelekezwa ilikuwa ikipokea wagonjwa Alhamisi peke yake. Aliahirisha miadi ya tarehe 5 Juni, akaahirisha ya tarehe 12, akaahirisha ya tarehe 26. Alikwenda tarehe 3 Julai, nikiwa nimemshika mkono kama mtoto mtoro. Ilikuwa saratani ya kongosho. Shemeji yangu aliniomba niandike "baada ya kuugua kwa muda mfupi" niishie hapo, na namheshimu, lakini sikuweza. Daktari tulimuuliza kama wiki zile nne zingeokoa kitu. Alisema anadhani hapana, ila hawezi kuapa. Marehemu alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 19 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini.

Juzi, nikiandika karatasi hii mezani, binti yake aliisoma begani kwangu. Aliuliza kama siku za daktari zilikuwa Jumasita. Nikasema ndiyo.

"Basi ni mimi," alisema, akaenda kukunja nguo.

Nimetembea na neno hilo siku mbili bila usingizi. Jibu ninalo sasa, na nalisema mbele ya watu ili asije akaambiwa vingine. Miadi ile ya pili ilipopita nilimgombeza marehemu. Nilimwambia watoto hawatakufa wakimkosa Alhamisi moja. Alinijibu hivi: "Dada, unadhani naikaa kwa ajili yao? Wiki nzima nakimbia ili nifike pale koridoni. Ni mimi ninayeitaka."

Kwa hiyo isisemwe kwamba aliwapa watoto siku ile ikamgharimu. Hakumpa mtu. Aliichukua, akiwa mtu mzima mwenye akili zake, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine alipopenda kuwa.

Ameacha mama mzazi, mume, dada mmoja, ambaye alikosea kuhusu sakafu, mtoto wa kiume wa miaka sita, na binti wa miaka tisa, ambaye hana kosa lolote, na ambaye mama yake alikuwa akiharakisha kila siku ya wiki ili amfikie.

Mdogo wangu, umefika. Pumzika kwa amani.