Madam Eufrasia na Korosho Kubwa za Kidato cha Pili B

Tarehe 21 Novemba 2025 Mwalimu Eufrasia Haule anatimiza miaka sitini, na siku hiyohiyo anakabidhi chaki baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiingereza, yote katika ardhi hii ya Rufiji na Kibiti. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Nicolaus, ameagiza wasifu huu usizidi kurasa mbili. Mimi Ismaily, mwalimu wa Jiografia, ambaye meza yangu imegusana na ya Madam kwa miaka kumi na tisa, nitajitahidi.

Alitoka Songea mwaka 1991 akiwa na godoro, ndoo na kamusi, akapangiwa shule ya msingi huko Mkongo. Wenyeji walimpa miezi mitatu. Mpunga ulipoanza kuiva, nusu ya darasa lake ilihamia mashambani kufukuza ndege na nguruwe, na walimu wenzake wakamshauri asubiri mavuno. Hakusubiri. Alijitwika ubao mdogo akawafuata, akafundisha chini ya madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo wanamolala walinzi wa mpunga. Mzazi mmoja alilalamika kwamba watoto wanasoma huku ndege wanakula. Madam akapanga utaratibu: sentensi moja, kelele moja. Mpunga ulivunwa, na watoto wakafaulu.

Huko ndiko ilikozaliwa korosho yake. Kiingereza kina alama ndogo iitwayo apostrofi, inayoning'inia juu ya mstari kuonyesha kitu ni cha nani. Watoto ama waliisahau kabisa, ama waliinyunyiza kila walipoona herufi s. Siku moja Madam alichukua korosho iliyobanguliwa, akaibandika ubaoni kwa uji mzito, na darasa zima likaona kwamba umbo ni lilelile. Mwenye mali akiwa mmoja, korosho inakaa kabla ya s; wenye mali wakiwa wengi, inakaa baada yake. Aliyepatia aliruhusiwa kuila. Baadaye alirudi kwenye chaki, kwa maelezo kwamba panya wa shule nao walikuwa wameanza kulipenda somo.

Mwaka 2006 alihamia kwetu, Sekondari ya Mpingoni, na mji wa Kibiti haukusalimika. Bango lenye kosa lilimuuma kama jino. Kuna siku alimsimamisha dereva wa bodaboda aitwaye Hemedy, si kwa kutaka kupanda, bali kwa sababu nyuma ya pikipiki yake paliandikwa MOTHERS PRAYER bila alama yoyote. Akamuuliza kama hiyo dua ni ya mama mmoja au ya mama wengi. Hemedy alifikiri, akajibu kwamba aliyemzaa ni mmoja, ila baba yake ana wake watatu na wote wanamwombea. Jambo hilo Madam hakuwahi kulikuta katika kitabu chochote cha sarufi. Alitoa kalamu ya wino mzito, akaweka korosho baada ya s, akaendelea na safari yake ya sokoni. Hemedy bado anapakia abiria pale stendi, na mama zake wote watatu wamo.

Lipo jambo moja ambalo Madam ameniomba niliruke. Nimemwambia nitaliruka, na Mungu anisamehe.

Miaka miwili iliyopita macho yake yaliingia ukungu. Ulikuwa mtoto wa jicho, na miwani haikusaidia kitu. Ubaoni alinyoosha mistari kwa kutanguliza kidole cha mkono wa kushoto, na ofisini alitutambua kwa vishindo vya viatu. Mimi nilipobadilisha viatu, alinisalimia kwa jina la mpishi. Hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba shule ikijua, ataambiwa apumzike kabla ya wakati wake, naye nyumba yake ilikuwa darasa. Mumewe alishatangulia mbele ya haki na binti yake yuko Mwanza. Hospitali aliiogopa vilevile, kwa sababu mama yake mzazi alipofuka baada ya kutiwa dawa za kienyeji machoni, na tangu hapo Madam hakutaka mkono wa mtu uguse jicho lake. Mimi niliyaona macho yake yakififia, ingawa sababu alikuja kuniambia baadaye, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba ni ustaarabu, lakini ulikuwa woga.

Aliyefanya kitu ni Warda, wakati huo kiongozi wa Kidato cha Pili B. Madam alimkosesha mahali ambapo korosho yake ilikuwepo, tena imekaa panapostahili. Ikatokea mara ya pili. Warda alipeleka daftari ofisini, nami nikiwa pale pale nilimwona Madam akilisogeza mpaka likakaribia kugusa pua, akaligeuzia dirishani, kisha akamwambia mtoto aende, atalitazama baadaye. Babu yake Warda anaishi Mloka na macho yake yana ukungu huohuo, kwa hiyo binti hakuhitaji kuelezwa zaidi. Hakwenda kwa mkuu wa shule. Alikwenda kwa wenzake.

Kuanzia wiki ile, Kidato cha Pili B walianza kuandika apostrofi kubwa. Zamani zilikuwa punje za ufuta. Sasa zikawa korosho kweli, nyeusi, zimekolezwa kalamu mara tatu, nyingine zimechukua mistari miwili ya daftari. Madarasa mengine yakafuata. Madam alianza kuziona tena, na furaha yake ilituenea sote. Alitangaza ofisini kwamba katika maisha yake ya ualimu hajapata kizazi kilichoelewa somo hili kama hiki. Sisi tuliokuwa tumeyaona madaftari tulitazama chai zetu.

Kisha ukaja mtihani wa ujirani mwema, ambao shule jirani husahihishiana. Majirani walipokuta karatasi themanini na saba zenye alama nene za ajabu, waliingiwa na shaka. Barua yao ilisema kwamba alama hizo huenda ni ishara ya siri ya kumwonyesha msahihishaji karatasi zinatoka shule gani, na kwamba matokeo ya Kiingereza yanazuiliwa hadi shule ijieleze. Mwalimu Nicolaus aliita darasa moja moja. Hakuna aliyesema neno. Warda aliambiwa kwamba kama hataki kueleza atavuliwa uongozi, naye akaomba ruhusa ya kukabidhi daftari la mahudhurio.

Barua ilifika mezani kwa Madam mchana. Aliishika kwa muda, halafu akanisogezea, akaniomba nimsomee kwa kuwa miwani yake ameisahau. Miwani ilikuwa usoni. Nilisoma mpaka mwisho. Aliuliza hizo alama zina ukubwa gani, nami nikachukua kidole chake na kukipitisha juu ya moja ndani ya daftari, mahali ambapo kalamu ilikuwa imekandamiza karatasi mpaka ikabonyea. Hapo akaelewa yote, na akalia. Nami nililia, nikasingizia vumbi la chaki.

Hakuomba ushauri. Aliinuka, akaenda ofisini kwa Mwalimu Nicolaus, akamwambia kwamba watoto hawakuiba mtihani. Walikuwa wanamwandikia mwalimu asiyeona. Alisema wazi kwamba yuko tayari kurudishwa nyumbani, mradi matokeo yatolewe na Warda arudishiwe cheo chake. Mwalimu Nicolaus aliyaandika hayo yote katika barua ya maelezo, na majirani, tuwape haki yao, waliachia matokeo siku iliyofuata kwa maneno ya kuomba radhi. Suala la kurudishwa nyumbani mkuu wetu hakuliandika popote. Badala yake alimuuliza Madam ni siku gani wiki ile hana vipindi, akampeleka hospitali mwenyewe.

Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji mwezi Septemba, la pili Novemba. Siku aliyorudi Pili B, darasa lilisimama. Aliomba daftari la Warda, akakaa, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, na kwa mara ya kwanza akaziona zile korosho jinsi zilivyo. Alipita daftari zima bila haraka. Kisha akavua miwani nyeusi aliyopewa hospitali.

"Andikeni ndogo, wanangu," alisema. "Naziona."

Madam Eufrasia, asante kwa miaka thelathini na minne. Asante kwa kuwafundisha watoto wa Rufiji kuandika kitu ni cha nani, na kwa kukubali, japo kwa kuchelewa, kwamba nawe una watu wako. Unarudi Mkongo, ulikoanzia kazi, kwenye mikorosho yako sitini. Mola aikinge na wadudu, nawe akukinge na upweke, nasi tutakuja msimu wa kubangua tukupunguzie mzigo.

Warda na wenzake, ambao sasa wanamaliza Kidato cha Nne, wamekuandikia kadi. Juu yake wameandika *Our Teacher's Day*, kwa kalamu yenye ncha nyembamba kuliko zote walizozikuta dukani, na apostrofi yenyewe haifikii punje ya ufuta. Waliipitisha darasani kila mmoja aikague, na hakuna hata mmoja aliyetaka ikuzwe.