Risasi Katika Goti la Onésphore Ndayisenga (1973–2025)

Ndugu, majirani na mafundi wa Nengo, anayewasomea ni Uwimbabazi, dada mdogo wa marehemu. Mnivumilie nitakapokwama, maana mengine mpaka leo sijayaelewa.

Onésphore alizaliwa tarehe 14 Machi 1973 Masisi, Kongo, mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu Gatete na mama yetu Nyirahabimana. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha akajifunza ushonaji Goma. Oktoba 1996, tulipokuwa tunakimbia vita, risasi iliyopotea ilimwingia kwenye goti la kulia. Aliyemtibu alifunga kidonda, akasema risasi ibaki, haina madhara.

Tulivuka mpaka tukafika Gisenyi, Rwanda, naye akaanza kushona nguo hapa mtaani Nengo. Zaidi ya miaka ishirini na mitano alikanyaga cherehani kwa mguu huohuo. Watoto wakigusa kile kivimbe gotini aliwaambia, "Muache alale, ni mupangaji wangu. Hasumbuake mutu."

Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na Illuminée Mukandayisenga wa Kanama. Walijaliwa watoto wawili, Manzi na Iribagiza.

Mwaka 2023 alimshonea mchungaji suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Tulicheka, na yeye alicheka kutushinda. Hatukujua kwamba huo ulikuwa ugonjwa. Baadaye tumbo likawa linamsokota, choo hakipati siku nyingi, damu ikapungua. Mtu mpole yule akagombana na wateja. Akasahau jina la binti yake. Mwishowe kiganja cha kulia kikalegea, mkasi ukawa unamdondoka.

Sisi ndugu zake tukasema amelishwa sumu, na anayempikia ni mmoja tu. Illuminée alitujibu, "Mi na yeye tunakulaka ku sahani moja. Ningemuroga namna gani?" Hatukumsikiliza. Februari 2025 tulimrudisha kwao Kanama, nikawa ninampikia kaka mimi mwenyewe. Hali ikazidi kuwa mbaya. Sikujua tena nifikiri nini.

Juni, huko Kigali, daktari alipima damu akasema, "Ana sumu mwilini."

Nikasema, "Tulijua!"

"Ni risasi."

"Risasi ilimpata zamani, dokta. Akapona."

"Kidonda ndicho kilichopona, mama. Risasi yenyewe ni madini, na madini hayo ni sumu. Imekuwa ikisagika gotini na kuingia kwenye damu miaka yote. Imeharibu ubongo, neva na figo."

Nilimuuliza mara tatu: basi ni nani aliyempa?

"Hakuna mtu," alisema.

Waliitoa mwanzoni mwa Julai, lakini figo zilikuwa zimechoka. Illuminée tulimpigia simu, akafika siku ileile. Alimlisha kwa kijiko wiki saba. Kuna siku marehemu alimwita kwa jina lake, kuna siku alimwita mama. Alifariki Jumapili, tarehe 24 Agosti 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mama yetu, watoto wawili, mimi dada yake, na mjane wake Illuminée. Majirani, uvumi juu ya mjane huyu mliusikia kutoka kwetu. Kwa hiyo msikie na hili kutoka kwetu, nimeomba lichapwe kwenye karatasi mliyoshika: hakumpa mumewe sumu. Tulimfukuza bure. Wifi, nisamehe.

Kaka, Bwana akulaze kwa amani.