Usukani Uliokimbilia Kona

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha fundi kompyuta, limeegemea ukuta wa kinyozi, na mguu wake mmoja umeinuliwa kwa kipande cha kigae. Wenyeji wake wa Jumamosi asubuhi ni wanne: Fundi mwenyewe, Kinyozi, anayeacha wateja wamenyolewa nusu ili asipitwe na ubishi, mwalimu mstaafu tunayemwita Dakika Moja, kwa kuwa huomba dakika moja akachukua kumi, na baba yangu, Tela, aliyeendesha malori miaka ishirini na sita mpaka presha ya macho ikamzimia taa zote mbili, leseni ikabaki kabatini. Mimi huja kumshika mkono, halafu nabaki, kwa sababu siwezi kusikia hoja mbovu nikanyamaza. Wananiita Wakili. Jumamosi hiyo palikuwa na birika la kahawa, na juu ya meza ya Fundi usukani umebanwa kwa vibano, waya wake umeingia kwenye kompyuta yenye mchezo wa mbio za magari. Uliletwa kutengenezwa, mwenyewe angekuja kuuchukua saa nne.

— Msiuone mdoli huu, Fundi alisema. Ndani una mota. Gari la kwenye kioo likipanda ukingo, unakutikisa mikono. Ukikata kona, unabishana nawe.

— Kama mke wangu, Kinyozi akasema.

— Mkeo hana mota, nikamwambia. Ana sababu.

— Naomba dakika moja, alisema Dakika Moja. Usukani unajuaje kuna ukingo, na ukingo wenyewe haupo?

— Kompyuta inapiga hesabu, Mwalimu.

— Wapi! Dakika Moja akakataa. Huko kiwandani lipo gari la kweli, linazunguka uwanjani kutwa kucha, na mitikisiko yake inaletwa kwa mtandao.

— Na dereva wake anakula saa ngapi? Kinyozi akadakia. Mimi nasema wamechukua mikono ya madereva wa zamani, wakairekodi. Imo humo ndani. Ukishika hapo, unasalimiana na mtu.

— Pengine marehemu! Dakika Moja akasema.

— Ndiyo maana huu una hasira. Fundi, umegonga ukuta mara ngapi?

— Sita. Mchezo mgumu huu. Ukiwasha tu, usukani unakuvuta pembeni.

Baba alikuwa na kikombe kitupu mikononi, akikiinamisha kidogo kulia, kidogo kushoto. Namjua. Nyumbani anafanya hivyo na sahani, anafanya na mfuniko wa sufuria. Nilipokuwa mdogo nilimpigia kila jioni kwa simu ya mama na kumwuliza swali moja tu: umefika wapi? Na kila jioni alikuwa na jibu. Mizani. Daraja la chuma. Mlima wa ukungu. Foleni ya mpakani. Nililala nikijua alipo.

— Mpeni Baba ajaribu, nikasema.

Wakatazamana. Fundi akashusha sauti, kana kwamba asiyeona hasikii pia.

— Wakili, tusimtoneshe. Mtu ameshatulia.

— Halafu kioo chenyewe hakioni, Kinyozi akaongeza.

— Kisaikolojia, naomba dakika...

— Sikupi! Asubuhi nzima mnauliza usukani unajuaje, mmefika mpaka kwa marehemu. Hapa yupo mtu mmoja aliyepitisha tani thelathini kwenye matope, na hakuna aliyemwuliza hata jambo moja. Mnakaa kikao juu ya moyo wake naye ameketi katikati yenu! Ametulia? Nani kawaambia? Ameacha kusema tu.

Baba akaweka kikombe chini.

— Nipelekeni, alisema.

Nikamkalisha. Akaupapasa usukani mduara mzima, akaugonga kwa kucha, akaweka mikono mahali pake. Fundi akawasha. Usukani ukachomoka kwenda kulia mpaka ukagota.

— Umeona? Mgumu, Fundi akasema.

— Si mgumu. Umeufunga kinyume.

— Tela, fundi ni mimi.

— Na dereva ni mimi. Ukimaliza kona, usukani unataka kurudi katikati wenyewe. Matairi ndiyo yanayourudisha. Huu unakimbilia kona. Mota yako inasukuma panapotakiwa kuvuta. Kuna nyaya mbili umezipishanisha.

Fundi akauinamia usukani.

— Zote zilikuwa nyeusi, akasema kwa sauti ya mtoto.

Kinyozi alicheka mpaka kahawa ikampalia. Kuta sita, na kosa likabebeshwa mchezo! Fundi akafungua skrubu, akageuza nyaya, akaziunganisha upya bila kumtazama mtu.

Baba akashika tena. Safari hii usukani ulimrudia. Niliona mabega yake yakishuka. Nikainama sikioni kwake.

— Kona ya kushoto inakuja, Baba.

— Sema mapema, halafu niachie. Utingo wa lori hapigi kelele.

— Kushoto. Ndefu.

Akakata taratibu. Tairi ikapanda ukingo, mikono yake ikatetemeka mpaka viwikoni.

— Kokoto, alisema. Kokoto hizi, mwanangu.

Magari yote yalimpita. Aliendesha kama aliyebeba shehena ya vioo. Mteja wa Kinyozi akatoka na nusu ya nywele zake, akasimama nasi.

Kwenye mzunguko wa nne akafika mwanamke mwenye sare ya uuguzi, mkoba begani.

— Umekuja kumchukulia kijana wako? Fundi akamwuliza.

— Kijana yupi? Wangu mimi. Nikitoka zamu, huo ndio unaonituliza.

Nilitamani kumpigia makofi. Hakuwa na haraka. Alitazama mikono ya Baba ikiipokea kona kabla sijamaliza kuitaja, kisha akainama kwa heshima.

— Shikamoo, mzee. Umefika wapi?

— Marahaba, Baba akajibu. Akafungua mdomo kujibu na swali la pili, neno lisitoke.

Kinyozi akatazama kioo: uwanja uleule, mnara uleule, ukuta uleule wa matairi tulioupita mara tatu. Fundi akageuzageuza skrubu iliyombakia kiganjani. Dakika Moja hakuomba hata sekunde. Mimi, Wakili, nikajishughulisha na birika. Yalikuwa yamebaki mashapo.

Baba hakuachia. Akakata ile kona ndefu ya kushoto, bila mimi kumwambia, akaungoja usukani urudi.